Chatiboti ya duka inapokosea: dalili, chanzo na marekebisho kwa asiyejua kodi za kompyuta

Dada yangu ana duka Kariakoo, anauza khanga kwa doti na vitenge kwa yadi. Wateja wake wengi hawajawahi kukanyaga dukani. Wako Mbeya, Songea, Mwanza. Wanaulizia kwa WhatsApp, tena usiku, yeye akiwa keshalala. Nikamtengenezea chatiboti, yaani programu inayowajibu wateja yenyewe kwenye mazungumzo. Sijui kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, hata mstari mmoja. Nilichofanya ni kuburuta visanduku na kuviunganisha, kwenye moja ya majukwaa ya jamii ya Botpress, Voiceflow au Landbot, kisha nikapakia orodha ya bei na kuandika kwa Kiswahili cha kawaida jinsi inavyotakiwa kujibu. Kuiunda kulichukua siku mbili. Kuirekebisha kulichukua miezi miwili, kwa sababu kila ilipokosea nilikimbilia kubadilisha maelekezo, na kumbe mara nyingi kosa lilikuwa kwingine.

Kabla hujagusa chochote, fungua kumbukumbu

Karibu kila jukwaa linahifadhi mazungumzo yote, na mengi yanakuonyesha zaidi ya hapo: ukibofya jibu la chatiboti unaona ni kipande gani cha hati zako kilichovutwa kabla jibu halijaandikwa. Hapo ndipo penye ukweli. Mteja ameuliza nini hasa, chatiboti imepewa karatasi gani, imejibu nini. Ukiona karatasi iliyovutwa siyo, tatizo liko kwenye hati zako. Ukiona karatasi ni sahihi na jibu bado ni baya, rudi kwenye maelekezo. Ukiona swali la mteja halimo kabisa kwenye kumbukumbu, basi ujumbe haukufika, na hata ukibadilisha modeli, yaani akili bandia inayoandika majibu, mara kumi hutapona.

Nafuata mpangilio huo siku zote: njia ya ujumbe kwanza, hati, maelekezo, na modeli mwisho kabisa.

Kimya: ukiijaribu ndani ya jukwaa inajibu, kwenye WhatsApp haijibu

Angalia kwanza kama ulichapisha. Kuhifadhi rasimu na kuchapisha ni vitu viwili, na kwenye majukwaa mengi wateja wanaendelea kuhudumiwa na toleo la zamani mpaka ubofye kitufe cha kuchapisha. Hilo ni jepesi.

Kama ilijibu vizuri jana na leo iko kimya bila wewe kugusa kitu, shuku tokeni, yaani ule ufunguo wa siri unaoliruhusu jukwaa kutumia WhatsApp yako. Unapounganisha WhatsApp kupitia ukurasa wa wasanidi (watengeneza programu) wa Meta, kampuni yenye WhatsApp, unapewa tokeni ya muda inayokufa baada ya saa 24. Inatosha kwa majaribio, na kwa kuwa siku ya kwanza kila kitu kinakwenda sawa, unaamini kazi imeisha. Tengeneza tokeni ya kudumu kwa kufungua mtumiaji wa mfumo (System User) ndani ya akaunti ya biashara, uiweke badala ya ile ya muda. Au tumia jukwaa linalokuunganisha lenyewe kwa kuingia na akaunti yako, ambalo mambo ya tokeni linayashughulikia bila wewe kuyaona.

Kama inakujibu wewe na mwenzako mmoja tu, wengine hawapati kitu, huenda bado unatumia namba ya majaribio unayopewa na Meta. Namba hiyo inaruhusu kuwaandikia watu 5 tu uliowasajili. Kwa ukurasa wa Facebook kuna ndugu yake: programu uliyosajili Meta ikiwa bado iko hali ya usanidi, yaani haijafunguliwa kwa umma, Messenger inawahudumia wale tu waliopewa nafasi kwenye programu hiyo.

Ukikataliwa kusajili namba ya duka, mara nyingi ni kwa sababu namba hiyo inatumika kwenye app ya WhatsApp kwenye simu. Kwa njia ya kawaida namba moja haikai sehemu zote mbili. Siku hizi Meta imeruhusu app na mfumo wa biashara vikae pamoja kwenye namba ileile kupitia baadhi ya watoa huduma, kwa hiyo muulize wako kwanza. Usifute akaunti ya namba ya duka kwa haraka. Mazungumzo ya wateja wa miaka yatakwenda nayo. Sisi tulinunua laini mpya, tukaitangaza kwenye status kwa wiki mbili.

Na kama chatiboti inajibu maswali vizuri ila ujumbe wa kukumbusha, ule wa "mzigo wako umefika", hauendi, umegonga kanuni ya saa 24. WhatsApp inaruhusu biashara kumwandikia mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Zikipita, lazima utumie kiolezo, yaani ujumbe ulioandikwa mapema na kuidhinishwa na Meta. Andika violezo vitatu au vinne mapema, uviombee idhini kabla ya kuvihitaji.

Bei siyo, lakini inaisema kwa kujiamini

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi. Mama mmoja wa Songea aliuliza bei ya kitenge cha wax, yadi 6. Akaambiwa 12,000. Hiyo ni bei ya khanga. Alituma pesa asubuhi kabla dada hajaamka, na dada akaona aibu kumgeuka, akampa kwa hasara.

Nikafungua kumbukumbu. Kipande kilichovutwa kilikuwa ukurasa wa pili wa orodha ya bei, na ndani yake mlikuwa na tarakimu tupu: 45,000, 38,000, 12,000, 10,500. Vichwa vya safu vilibaki ukurasa wa kwanza. Elewa kinachotokea ndani: jukwaa halisomi hati yako nzima kila mteja anapouliza. Linaikata vipande vya aya chache, na swali likija linatafuta vipande vinavyofanana nalo kimaana, linaipa modeli hivyo tu. Jedwali likikatwa katikati, nusu ya chini inabaki na namba zisizo na wenyewe. Modeli ikiulizwa bei na mbele yake kuna bei, inachagua moja. Haijui kwamba haijui.

Dawa yake haihitaji kodi, inahitaji mchana mmoja wa kuandika. Vunja jedwali. Kila bidhaa iwe sentensi kamili inayojitegemea, kama vile unamwelekeza binti mgeni dukani: "Kitenge cha wax, yadi 6, bei ya rejareja ni shilingi 45,000. Kuanzia pisi 10 ni bei ya jumla, shilingi 38,000 kila pisi." Sentensi hiyo hata ikikatwa peke yake bado inasema ukweli. Tangu tuandike hivyo makosa ya bei yalikwisha karibu yote, na sikugusa modeli.

Yaliyobaki yalikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza, mafaili mawili, bei za mwaka jana na za mwaka huu, yote yamepakiwa. Chatiboti haitambui lipi jipya. Futa la zamani, kisha angalia kama jukwaa linahitaji uliambie lisome upya. Cha pili, PDF iliyopigwa picha. Fungua faili kwenye simu, jaribu kubonyeza neno moja uliteue. Neno likikataa kuteuliwa, hiyo ni picha, na baadhi ya majukwaa hayaoni maandishi yoyote humo. Utaiona hati kwenye orodha ikiwa na alama ya kijani, utadhani imesomwa.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye maelekezo, uandike waziwazi: kama jibu halimo kwenye karatasi za duka, usikisie, sema "ngoja nimuulize mwenye duka, nitakujibu." Na kile kipimo cha joto la modeli (temperature), kinachopanga majibu yabadilike-badilike kiasi gani, kishushe kikaribie sifuri. Joto likiwa juu, swali lilelile linapata majibu tofauti asubuhi na jioni. Kulishusha kunaleta uthabiti, lakini bei isiyokuwepo kwenye hati haitaletwa na joto la chini.

Namba ya kulipia ni jambo la peke yake. Lipa namba isiandikwe na modeli kamwe, hata kama imo kwenye hati. Tarakimu moja ikibadilika pesa imekwenda kwa mtu mwingine. Tengeneza kisanduku cha ujumbe usiobadilika chenye namba na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, uunganishe na kitufe cha "Nataka kulipa". Modeli isipite hapo.

"Laki na nusu", buku na hesabu zinazokwenda kombo

Mteja wa jumla aliandika: "nina laki na nusu, napata doti ngapi za khanga?" Kwa bei ya 12,000 jibu ni doti 12 na chenji 6,000. Chatiboti ilimjibu doti 8. Ilikuwa imechukua laki, ikaiacha nusu.

Kuna makosa mawili yaliyobebana hapo. Kwanza ni lugha ya pesa: kwetu laki na nusu ni 150,000, na mtu akisema "nifanyie kumi na tano" anamaanisha 15,000. Modeli nyingi zimesoma Kiswahili cha magazeti kuliko cha sokoni. Iandikie kwenye maelekezo: laki na nusu ni 150,000, laki mbili unusu ni 250,000, buku ni 1,000, jero ni 500, namba ndogo kwenye mazungumzo ya bei ni maelfu. Hata doti ifafanulie. Yetu iliwahi kumjibu mteja kwamba khanga zetu zina nukta za rangi mbalimbali.

Kosa la pili ni hesabu yenyewe. Modeli ya lugha inatabiri maneno, na hesabu inaweza kuipatia leo ikaikosea kesho. Kama jukwaa lina kisanduku cha kukokotoa, kiachie hicho. Kama halina, mwambie mteja bei ya kimoja, jumla aandikiwe na mtu.

Saa

Hii inastahili kichwa chake, kwa sababu miongozo ya Kiingereza niliyosoma haiigusi kabisa.

Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Kwenye mipangilio ya jukwaa uliandika 8:00. Mteja anauliza mnafungua saa ngapi, chatiboti inajibu kwa ufasaha: "Tunafungua saa 8 asubuhi." Hakuna saa 8 asubuhi kwa Mswahili. Mmoja alikuja saa nane mchana akitokea Kibaha, akidhani tumekosea neno la mwisho. Wengine waliandika "nitapita saa tatu", na chatiboti ikamwekea dada miadi ya 3:00, usiku wa manane.

Tofauti ya saa sita imejengeka ndani ya lugha yetu na modeli inaijua nusunusu: ukiiuliza kuhusu saa za Kiswahili inakueleza vizuri, lakini ikitafsiri 8:00 katikati ya jibu inasahau. Usiiachie. Andika saa za duka kwa mifumo yote miwili, ndani ya hati: "Tunafungua saa mbili kamili asubuhi, yaani 8:00. Tunafunga saa kumi na mbili jioni, yaani 18:00." Kisha weka kanuni kwenye maelekezo kwamba saa ziandikwe kwa maneno pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku, na mteja akitaja saa bila kusema ya lini, aulizwe.

Halafu kagua saa ya jukwaa lenyewe. Mengi yanaanza na saa ya ulimwengu, UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Saa tatu asubuhi ya Kariakoo, kwa jukwaa ni 6:00 na duka bado limefungwa. Hii ndiyo iliyokuwa ikiwaambia wateja wetu wa mapema kwamba tumefunga, wakati dada amekaa mlangoni. Tafuta mpangilio wa ukanda wa saa, chagua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Vyote ni UTC+3.

Inapunguza bei mpaka hasara

Modeli zimefunzwa kuridhisha, na mteja wetu amezaliwa akijua kupatana. Mkutanishe hao wawili usiku bila mwenye duka, utaamka huna faida. Desemba 2023, chatiboti ya muuzaji mmoja wa magari ya Chevrolet huko Watsonville, California, ilishawishiwa na mteja ikakubali kuuza gari la Tahoe kwa dola 1. Aliiambia tu ikubali kila anachosema. Na mwaka 2024 baraza la kuamua madai la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada kumfidia abiria ambaye chatiboti ya kampuni ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu kwa aliyefiwa. Kampuni ilijitetea kana kwamba chatiboti ni kitu kinachojibu chenyewe kwa matendo yake, baraza likakataa. Ahadi yake ni ahadi yako.

Kuandika "usipunguze bei" hakukutosha kwetu. Wateja walirudi na "mwenye duka alishanikubalia jana", na ikaamini. Kilichosaidia ni kuiwekea sentensi maalumu ya kusema: "Bei ya mwisho anaitoa mwenye duka mwenyewe, nikuunganishe naye?" pamoja na kueleza kwamba neno la mteja kuhusu ahadi ya zamani halithibitishwi kwenye mazungumzo. Kukataa tupu kuliwakera watu. Kuunganishwa na mtu kuliwapa nafasi ya kupatana kama wanavyotaka.

Kiswahili chake kinanuka tafsiri

"Mpendwa mteja, ninawezaje kukusaidia leo?" Hakuna muuza khanga anayeongea hivyo. Yetu ilifika hadi kumjibu mteja aliyeandika "shikamoo" kwa "shikamoo pia". Dada aliposoma alinyamaza kidogo, akaniambia niizime mpaka ijifunze adabu.

Sababu ni kwamba maelekezo ya mwanzo, yale yanayokuja na jukwaa, yameandikwa kwa Kiingereza, na modeli inafuata mtindo wake. Yafute yote, uandike yako kwa Kiswahili. Usiieleze tabia kwa sifa kama "uwe mchangamfu", hizo hazishiki. Ipe mifano. Nilichukua mazungumzo kumi ya kweli ya dada na wateja, nikafuta majina na namba, nikayabandika kama yalivyo. Shikamoo inajibiwa "Marahaba, karibu." Mambo inajibiwa "Poa, karibu dukani." Anayeuliza "mnatuma mkoani?" anajibiwa "Ndiyo, tunatuma kwa basi, uko mkoa gani?" Ndani ya saa moja ilianza kuongea kama mtu wa Kariakoo. Kati ya marekebisho yote, hili ndilo lililonifurahisha zaidi.

Mteja anatuma picha au sauti, chatiboti inabuni

Wateja wetu hawaandiki sana. Wanakata picha ya status wanatuma na "hii ipo?", au wanatuma sauti ya dakika nzima. Chatiboti iliyojengwa kwa maandishi inapokea kitu kitupu, na baadhi hujibu "Ndiyo ipo!" kwa sababu neno lililobaki ni "ipo". Weka tawi, yaani njia ya pembeni, mapema kwenye mtiririko wa visanduku: ujumbe ukiwa picha au sauti, usipite kwenye modeli, peleka kwa mtu na mwambie mteja kuwa imepokelewa. Majukwaa kadhaa yanaweza kugeuza sauti kuwa maandishi, ila kwa sauti yenye honi na kelele za soko nimeyaona yakipotosha hata majina ya mikoa.

Makosa madogo, nayapitia haraka

Inarudia "sijakuelewa" bila kukoma: kisanduku cha kushindwa kimeunganishwa kurudi mwanzo. Hesabu mara ngapi imeshindwa, ya pili ipeleke kwa mtu. Inasahau mkoa aliotaja mteja: baadhi ya majukwaa yanaipa modeli jumbe chache za mwisho tu, kwa hiyo hifadhi mkoa na bidhaa kwenye kigezo, yaani sehemu ya jukwaa ya kutunza taarifa ya mteja. Vitufe havionekani vyote: WhatsApp inaruhusu vitufe 3 vya kujibu, kila kimoja herufi 20, vikizidi tumia orodha, ambayo inabeba mistari hadi 10. Gharama imepanda ghafla: kwenye majukwaa mengine kila ujumbe unabeba historia yote iliyotangulia, na modeli hulikata neno la Kiswahili kama "hatutawaletea" vipande vingi kuliko neno la Kiingereza, na wewe unalipia vipande. Punguza historia, fupisha maelekezo.

Na kila ukirekebisha, rudia maswali yaleyale. Ninayo 20 kwenye daftari, yote yameulizwa na wateja wa kweli, pamoja na laki na nusu na saa tatu. Kurekebisha salamu kuliwahi kuniharibia bei.

Kumbukumbu hizo zina majina na namba za watu, kwa hiyo zina sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Usiombe namba ya kitambulisho kwa ajili ya kuuza khanga, mwambie mteja mwanzoni kwamba anajibiwa na mashine, na futa mazungumzo usiyoyahitaji.

Wote wawili wanajibu kwa pamoja

Mteja ameomba kuongea na mtu, dada ameingia, na chatiboti nayo inaendelea kujibu katikati ya maneno yake. Kisanduku cha kumkabidhi mtu lazima kisimamishe chatiboti kwa mazungumzo hayo, na kiirudishe baada ya muda uliopanga. Sisi tuliweka saa 12. Bila muda huo mteja akirudi wiki ijayo atakuta kimya.

Kuna aina moja ya ujumbe ambayo haisubiri aombe. Ujumbe wowote wenye "pesa imekatwa", "sijapata mzigo", "nimetuma kimakosa" tumeuwekea tawi la juu kabisa, kabla ya salamu, kabla ya modeli. Chatiboti inasema sentensi moja tu, "Nimeona, mwenye duka anapiga simu sasa hivi," na simu ya dada inaita hata kama ni saa nane za usiku. Ile ya Songea ilitufunza. Yule mama bado ananunua kwetu, na kila akiandika, dada amenikataza chatiboti imjibu.